Kipindi cha Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi
Vipindi vitatu, Kidato cha Kwanza. Chaki zimeisha tena, nimeazima kwa Mwalimu Koku, mwenyeji wangu hapa Buganguzi. Watoto bado wanaandika "go to home". Nimeeleza upya: home, here na there hazitaki "to" mbele yake. Go home. Come here. Ila ukitokea huko, "from" lazima iwepo: from home, from there. Wameitikia wote kwamba wameelewa. Hawajaelewa.

Jumanne, 5 Machi
Mkufunzi wa chuo anakuja Alhamisi kuangalia ninavyofundisha. Ni yuleyule aliyenifelisha mwaka jana. Nikifeli tena, ualimu ndiyo basi. Naogopa. Sijamwambia mama.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandaa maelezo marefu. Nimemsomea Mwalimu Koku, akapiga miayo. Nimeudhika. Akaniambia nilale mapema. Nimeudhika zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Mkufunzi kakaa nyuma. Sijamaliza hata sentensi ya pili, mvua. Mvua juu ya bati: hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Kwa kawaida tunaacha kufundisha, tunangoja ipite. Leo kungoja ni kufeli.

Nikaandika ubaoni "Come here", nikamwonyesha Byera, mpole kuliko wote. Akaja. "Go there." Akaenda dirishani. Nikaandika "Go to there". Akainua mguu, akasita, akarudi akafuta "to" kwa kiganja. Darasa likapiga madawati. Wakaanza kugombea chaki. Binti mmoja akaandika: "Sir, come here from there." Kamkazia macho mkufunzi! Mkufunzi akainuka, akaja mbele, akasimama alipoelekezwa.

Mvua ilipokatika akanipa mkono. "Mwaka jana uliongea peke yako," alisema. "Leo umewaachia wao. Umefaulu, Mwalimu."

Nimekwenda nyuma ya darasa, nimelia. Raha tupu. Mwalimu Koku kanikuta huko, kacheka mpaka kashika mbavu.

Jumapili, 10 Machi
Kibeta, nyumbani. Asubuhi kanisani. Mchana ndizi na maharage. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama. Mwaka mzima nikija nyumbani nilikuwa nagusagusa chakula tu. Leo nimemaliza, nikaomba niongezewe. Mama kanitazama kidogo. Kanijazia sahani, kakaa karibu yangu.