Isogai Amefia Nje ya Lango

Mtaa wa Wahunzi,
Sakai, Osaka.
5 Januari

Mpendwa Kaka Noboru,

Hujambo? Na mwenzako Regina je, hajambo? Nadhani huko Londrina, Brazili, mnaungua jua, wakati huku kwetu maji yanaganda kwenye bomba. Sisi ni wazima, ila Mjomba, baba yako, kifua kinamsumbua na hataki kuambiwa. Mama yako anasema umekonda kwenye picha uliyotuma. Mimi naona umenenepa.

Sasa kaa chini. Isogai wako amekufa. Nimemuua mimi, na sioni haya kusema kwamba nimelia.

Usiniambie kwamba ni shujaa wa karatasi tu. Tangu Babu Eikichi alipoubuni mchezo wetu wa dadu, kila Mwaka Mpya tunaketi mezani, kila mtu na shujaa wake, na kila shujaa ana miaka saba tu. Mwaka wa saba ukifika lazima afe vitani, mtoto wake achukue upanga. Kazini kwangu, tunakotengeneza michezo ya kuuza, wakubwa huniuliza kwa nini nisiwaache wachezaji waishi wapendavyo. Huwa nawaambia habari za mwaka ule Babu alipolazwa, nasi tukaiacha kanuni yake. Mashujaa wote walijenga nyumba, wakafuga kuku, wakaota vitambi. Hakuna aliyethubutu kuvuka hata mto.

Lakini safari hii zamu ilikuwa ya Isogai, na kiti chako kitupu. Kwa kuwa msimulizi ni mimi sasa na maadui wote ni wangu, nikataka kuiba kidogo. Nikamwambia baba yako kwamba nitamwongezea Isogai mwaka mmoja, labda utarudi.

"Baba yangu alikufa bila nyongeza," akasema Mjomba. "Nipe dadu za huyo mshenzi."

Asipokuwepo mwenye shujaa, dadu hurushwa na ndugu yake wa damu, kwa hiyo sikuweza kumkatalia. Wote tulikuwa tunaikumbuka siku ile ulipomwambia hutairithi karakana yake ya visu, na jioni yake mezani Isogai akafunga lango la kijiji, akamwacha Genba, shujaa wa baba yako, nje akatwekatwe na majambazi. Mjomba akakupiga ngumi ya mdomo, ukamrudishia, chungu cha mchuzi kikapinduka, damu yenu ikachanganyika na kabichi. Jino lako mama yako bado analo.

Basi nikawaleta majambazi walewale, na kwa hasira nikawaleta wengi kuliko ilivyopaswa. Baba yako alipigana kama anavyofua chuma. Isogai alimpasua wa kwanza kutoka begani hadi kiunoni. Wa pili akamvunja taya kwa mpini. Nikampiga mshale pajani, akaung'oa na kumchoma nao jambazi wangu wa tatu jichoni. Nikamkata sikio, kisha vidole viwili, naye Mjomba akahamishia upanga mkono wa kushoto. Kila dadu zilipomgeuka alinitukana mimi, akamtukana marehemu Babu, halafu akakutukana wewe.

Mwishowe Isogai akafika langoni, majambazi mgongoni kwake. Akiingia, wangeingia naye, na ndani walikuwa watoto. Nikamuuliza Mjomba anafanyaje. Akazirudisha dadu mezani.

"Fungeni lango," akasema.

"Mjomba, wewe uko nje."

"Najua niko wapi. Fungeni."

Mkuki ulimwingia Isogai tumboni ukatokea mgongoni. Mjomba akasema Isogai anaushika huo mkuki na kujivuta mbele, hadi amfikie aliyeushika. Dadu zikakubali. Akamkata koo, wakaanguka pamoja. Kijiji kimepona.

Shujaa asiye na mrithi, karatasi yake huchomwa, na Isogai hakuwa na mtoto. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti Mjomba aliponishika mkono.

"Mtoto yupo," akasema.

"Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Mdogo wangu Ren akacheka, akasema baba hawezi kuwa mtoto wa mwanawe. Mjomba akamwambia amwonyeshe kanuni inayokataza. Hakuna. Babu hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Baba yako akampeleka shujaa wake mwingine utawani, akavuta karatasi mpya. "Miaka saba," akasema. "Nitajitahidi." Kisha akakohoa sana.

Kaka, mtoto huyo hana jina. Unajua kwamba jina hutolewa na mzazi, na mwenye Isogai ni wewe; asiye na jina haketi mezani. Nilitaka kumchagulia mimi, Mjomba akanifokea. Tangu siku hiyo, mleta barua akipita, baba yako hutoka karakanani na mikono yake myeusi, akijifanya anatazama hali ya hewa. Yeye hatakuandikia, unamjua. Nami nimechoka kumwona akisimama kwenye baridi.

Msalimie sana Regina na mama yake. Mama yako na Ren wanakusalimu. Mababu wakulinde huko ugenini, wakurudishe salama.

Nilimuuliza baba yako kama ana salamu. Akasema nikwambie mwanao hajambo.

Wako akupendaye,
Chizuru