Leo Nimemwigiza Baba

Jumamosi. Asubuhi mvua, mchana jua la kuchoma, sasa upepo wa ziwani unagonga bati. Moyo wangu nao haueleweki.

Shajara, kwanza nijisifu, maana usiponisikiliza wewe nani atanisikiliza? Leo Buzuruga nimewaua watu. Mimi huyuhuyu wa darasa la saba, tena nililolimaliza kwa huruma ya mwalimu, nimewachekesha mpaka mama muuza ndizi amekaa chini.

Juzi Dada Ester, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, alituuliza kama tunajua neno "mwigizaji" limetoka wapi. Nikadakia, "Ni mtu anayependwa na wasichana, dada!" Hakucheka. Akasema limetoka kwenye kuiga. Mtoto anaiga, hata nyani anaiga. Mwigizaji anaiga halafu anawafanya watu wamwone yule anayemwiga, wamjue. Hapo ndipo penye kazi.

Nikamjibu kuiga sikufundishwa, nimezaliwa nako. Nikamwiga yeye mwenyewe anavyoshika kiuno akikasirika. Hapo akacheka.

Leo tumeshindana. Wasukuma tunajulikana: vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, watu wanakwenda wanakotaka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wenzetu wamekuja na ngoma na chatu. Chatu, jamani! Sisi na mchezo wetu wa mlevi. Watu wakatuhama mmojammoja mpaka tukabaki tunamchezea mbuzi.

Nikaacha ulevi. Nikamwiga Baba.

Baba alipunguzwa kazi kiwandani Nyakato mwekezaji alipokinunua. Majirani hawajui. Kila alfajiri anavaa ovaroli lake la bluu, anabeba chakula chake, anatoka kama anawahi zamu. Jioni anarudi amechoka. Nyumbani tunajua, tunanyamaza.

Nikayatoa yote hadharani. Kikohozi chake, mguu anaouburuza kidogo, ile "Nachelewa zamu, jamani, nachelewa!" anayowaambia majirani. Halafu nikajificha pembeni, nikakaa juu ya jiwe, nikala peke yangu, nikangoja jua lizame. Watu wakamwacha chatu wakaja mbio.

Tumeshinda.

Katikati ya makofi, fundi baiskeli wa mtaani kwetu akapaza sauti: "We kijana! Huyo si baba yako kabisa?"

Kicheko kikazidi.

Habari imefika nyumbani kabla yangu. Nimemkuta Baba mlangoni. Shikamoo, marahaba, basi. Tumekula ugali na dagaa. Alipokuwa ananawa ndipo akasema, bila kunitazama, "Nasikia umenipata vizuri."

Mimi na mdomo wangu wote, nikaanza kukusanya sahani.

"Mguu uliuburuza?"

"Ndiyo, Baba."

"Na baada ya hapo nikafanya nini?"

"Ukakaa kwenye jiwe. Ukala."

Akatikisa kichwa. "Hapo umenisingizia. Mimi sikai. Napita godauni hadi godauni naomba kibarua. Umeiga miguu, mwanangu. Hukuuliza inakwenda wapi."

Sikujua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha fundi baiskeli. Nilidhani anajificha, nikaona ni kichekesho kizuri. Mwaka mzima tangu apunguzwe kazi nimeishi na mtu huyu, najua anavyokohoa, na sijawahi kumuuliza siku yake imekwendaje.

Dada Ester anataka turudie Jumamosi ijayo, eti watu wanamtaka mzee wa ovaroli. Nimemwambia Baba sichezi tena.

"Cheza," amesema. "Ila Jumatatu utoke na mimi, uone kwanza."

Nimekubali haraka, kama kawaida yangu. Sasa nimelala chali nafikiri. Wakimwambia "Mzee, hakuna kazi hapa," nami nimesimama nyuma yake, nitaweka wapi uso wangu?