Chupa Uliyoiacha Dirishani

Mpendwa Baba Amani,

Tangu mvua ianze, sikai, sisimami. Naenda bustanini, narudi, naenda tena, mpaka jirani ameniuliza nimepoteza nini. Nimemwambia sindano.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa uani hapa Arua, wewe na koleo, mimi na kisu, tukibandua pini za manjano kwenye kompyuta mbovu na simu zilizokufa? Ulizileta kutoka Koboko kwa pikipiki, gunia limefungwa nyuma, watu wakidhani ni mihogo. Nilikucheka sana. Mwanamume mzima anaokota simu ambazo hata mwizi angezirudisha! Tindikali ya kuyeyushia pini hizo uliitumia nyuma kabisa ya choo, mimi na mtoto ukitufukuza. Kisha siku moja ukaja na chupa ya jemu: juu maji safi, chini tope la kahawia, kama masalio ya kahawa kikombeni.

"Hii iko dhahabu," ukasema. "Hii njo pete yako. Fundi atayeyusha, halafu tunaenda kanisani."

Nikauliza mbona haing'ai.

"Wewe ngoja tu. Moto itaamsha yeye."

Ningoje! Nilikuzalia mtoto nikingoja. Ukaiweka chupa dirishani, ukaenda kuchukua gunia jingine, na barabara ya Koboko haikukurudisha. Tulikuzika kwenu, Dranya.

Baada ya maziko mama yako alikuja huku kusafisha nyumba, kama desturi. Alifua mashuka, akasugua masufuria, kisha akaishika ile chupa. "Nyumba ya mutu alikufa haiwezi kaa na maji chafu," akasema. Akaimwaga bustanini, akaisuuza vizuri, akaniwekea chumvi humo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaipokea chupa ya chumvi.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimejaribu. Nimechota udongo kwenye beseni, nikauchungulia, nikaurudisha. Wote ni wa kahawia, Baba Amani. Nina hasira nawe, kwa nini hukumwambia mama kilichomo? Sasa anataka kupanda maharage palepale. Nikimwambia, atajua kwamba alimwaga kazi ya mwisho ya mikono ya mwanawe, na yule mama hatalala tena. Nisipomwambia, jembe litapita, na pete yangu ndiyo imekwenda.

Leo asubuhi, jembe begani, ameniuliza yeye.

"Mama Amani, mtoto yangu aliniambia iko natengeneza pete yako. Iko wapi?"

"Iko, mama."

"Basi vaa, watu waone wewe ni bibi yake."

Nikamwambia nitavaa. Kisha nikachukua jembe la pili nikaanza kulima mimi, upande ule ule alioumwagia.

Lala, mume wangu. Maharage yakiiva nitakuletea Dranya.

Mkeo, kidole kitupu hivyo hivyo,
Mama Amani