Watoto Arobaini na Mmoja, Wote wa Kwanza

Mpendwa Mama Roselida, naomba unisaidie kabla hasira haijaniandikisha barua ya kuacha kazi, maana karatasi ninayo, kalamu ninayo, na sababu ninazo nyingi kuliko wino.

Mimi ni mwalimu wa shule moja ya msingi karibu na Burumba, hapa Busia, mwaka wa sita sasa, tangu kabla ya Uhuru, na katika miaka yote hiyo kitu kilichokuwa kikinichoma ni siku ya kufunga shule, wazazi wamejaa uwanjani, watoto wamesimama mstari, mwalimu anasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na akishasomwa yule wa mwisho wenzake wote wanaimba "Mkia! Mkia!", wazazi nao wanacheka, mama yake anajifunika leso usoni, na mtoto wa miaka tisa anavuka uwanja ule mzima peke yake kwenda kuchukua karatasi yake. Niliapa kwamba mimi sitasoma tena majina namna hiyo.

Njia yangu ni hii. Nina daftari, kila mtoto ana ukurasa wake, na mwaka mzima ninamtazama mpaka nione kitu anachowashinda wenzake, na usiniambie hakuna, kipo tu, ila mwalimu mvivu hakioni. Jamiru, mtoto wa Mama Ziada mwenye duka, akisoma kwa sauti darasa zima hunyamaza lenyewe. Emojong hunyosha mistari ya mahindi kwenye shamba la shule bila kamba. Na Nanjala, binti wa mzee Zephaniah, ambaye kwa hesabu na imla ni wa mwisho kabisa na wala sifichi, alichora ramani kutoka shuleni mpaka kizuizi cha mpakani, kila njia, kila duka, kisima na mashine ya kusagia unga, nami nikatembea nayo mkononi Jumamosi nzima nikitafuta kosa nisilione.

Basi Desemba iliyopita, wakiwa Darasa la Tatu, nilichukua karatasi za ripoti, na kwenye kile kisanduku cha nafasi nikaandika 1 kwa kila mtoto, wote arobaini na mmoja, na chini kabisa, mahali pa maoni ya mwalimu, nikaeleza ni wa kwanza katika nini. Mwalimu mkuu aliletewa rundo akatia saini zote huku akibishana na fundi wa madirisha. Siku ya kufunga sikusoma majina, nilimpa kila mtoto karatasi yake mkononi.

Sasa hapa ndipo ninapoungama, Mama. Nilijua wazazi wetu wengi, kama mzee Zephaniah, hawajui kusoma, hutazama kisanduku kimoja tu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu sijawahi kuona uwanja ule na furaha namna ile, vigelegele kila upande, na watu wakinishika mkono kama bwana harusi. Mama Ziada alipika pilau akapeleka kwa majirani wa nyumba saba. Mzee Zephaniah alichinja jogoo wake mkubwa akaita ndugu zake, na mimi akanikalisha kiti cha mgeni, na unajua kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au akimheshimu mgeni sana humpa mgeni, na zamani mwanamke hata mchuzi wa kuku hakuonja. Mzee alichukua firigisi ile, wote wakanitazama mimi, naye akamwita Nanjala kutoka jikoni akamwekea mkononi mbele ya wanaume wote, akasema, "Kula, mama. Nyumba hii haijawahi kutoa namba wani." Mimi nilikuwa na paja la jogoo mkononi. Nikaendelea kula.

Wiki tatu baadaye wazazi walikutana kwenye foleni ya mashine ya unga, mzee Zephaniah akaanza kusimulia, kumbe mbele yake kuna baba wa namba wani mwingine, na nyuma yake Mama Ziada, na mwisho akaja mzee Methuselah, mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye mtoto wake Paulinus ndiye wa kwanza wa kweli tangu Darasa la Kwanza. Akafoka, "Hii ni shule ama ni harambee? Kila mtu namba wani?" Akaenda kwa mwalimu mkuu, akapewa kitabu cha alama, akarudi nacho mpaka kwenye mashine, akakisoma pale pale mbele ya watu na magunia yao, mpaka jina la mwisho, kisha akamwambia mwenzake, "Mzee Zephaniah, jogoo yako umechinjia mkia."

Mzee alirudi nyumbani akawaita ndugu zake wale wale, akamwita Nanjala, akamwambia atapike alichokula. Shule imefunguliwa na yeye hajaja, nasikia mwisho wa mwezi atapelekwa Malaba kwa shangazi yake kulea mtoto.

Kamati imeniamuru nisimame mbele ya wazazi wote, tarehe thelathini, nisome orodha ya kweli kuanzia moja mpaka arobaini na moja, la sivyo wanapeleka jina langu kwa afisa wa elimu nifukuzwe. Mimi! Niliyekaa na watoto wa shule hii mpaka jioni miaka sita, niamriwe na mtu aliyechukua kitabu cha shule akakifanya gazeti! Mama, nisome? Niache kazi? Au nivuke tu Uganda nikafundishe huko, maana ni hatua mia mbili kutoka hapa nilipokaa?

Mimi Mwalimu Niliyechoka,
Busia

JIBU LA MAMA ROSELIDA

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikupigia makofi, mara ya pili nilitafuta kiboko.

Makofi kwanza. Huo wimbo wa "Mkia" ni aibu ya watu wazima. Wanaosema unawatia watoto bidii, wasimame wao uwanjani, tuwasomee magunia waliyovuna kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho mbele ya wakwe zao, tuone bidii itawapanda kutokea wapi. Mzee Methuselah, kama unasoma hapa, kitabu cha alama si chako hata kama uenyekiti ni wako, na mtoto uliyemwita mkia ana baba na ana jina. Na wewe mwalimu mkuu, unayetia saini usichosoma kisha unagawa usichopaswa kugawa, utaniandikia barua yako mwenyewe siku nyingine, nitakujibu.

Lakini wewe! Unakichukia kisanduku kile, halafu ukakijaza arobaini na moja! Uliandika 1 kwa sababu ulitaka wazazi waone 1, na maelezo ukayaficha chini ambako ulijua hayatasomwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako ilifika kwenye mashine ya unga tu. Ungeacha kisanduku kitupu, ukaenda kwa mzee Zephaniah na ile ramani, ukamwonyesha kazi ya mwanawe, ni nani aliyekuambia asingechinja? Hukumpa nafasi. Ulimwona mzee asiyejua kusoma, ukaamua moyo wake nao hauna macho. Hiyo ni dharau, Mwalimu, hata kama imevaa nguo ya huruma.

Na ulipokaa kiti cha mgeni ulikuwa na muda wa kutosha. Firigisi ilitoka sahanini, ikapita mbele yako, mtoto akaitwa, akaja, akala. Wewe ukatafuna. Ningekuwa mkeo ungelala njaa mwezi mzima.

Sasa nikuambie kilichonikasirisha kupita vyote. Umeniandikia kurasa nne. Kamati ina maneno yake, kazi yako ina maneno yake, miaka yako sita ina maneno yake. Nanjala, aliyeambiwa na baba yake atapike mbele ya ukoo, umempa sentensi mbili, kisha ukaniuliza kama uvuke Uganda. Vuka ukitaka. Huko nako kuna watoto wa mwisho, na utawafanyia nini, utawapa namba nyingine?

Gazeti hili hufika Busia Alhamisi kwa basi. Ijumaa ukitoka darasani nenda kwa mzee Zephaniah, na utume mtu mapema awaombe ndugu zake wawepo, wale wale. Usiende na jogoo wa kulipa, utamtukana mara ya pili. Nenda na ramani. Sema umesimama, kofia mkononi: "Mzee, nilikudanganya mimi. Mtoto hakudanganya mtu." Atakufokea. Nyamaza, ana haki. Akimaliza, tandika ramani mezani na umwombe akuonyeshe boma lake liko wapi. Usimwonyeshe wewe. Kaa kimya mpaka kidole chake kilipate mwenyewe, kisha umwambie kwamba aliyechora hivi akiwa na miaka tisa haendi Malaba kubeba mtoto wa mtu, na kwamba hesabu utamfundisha kila siku jioni mpaka aelewe, maana ni kweli hajui, na kutojua kwake ni deni lako la ualimu kabla hujakuwa mpenda watoto.

Tarehe thelathini simama mbele ya wazazi uombe radhi kwa kile kisanduku, waziwazi, bila hotuba. Orodha usiisome. Aibu ya kutoa siku hiyo ni yako, majina ya watoto si mali yako kuyatoa. Anayetaka nafasi ya mwanawe aje mezani kwako peke yake, umpe namba ya kweli, na hapo hapo umfungulie ukurasa wa mtoto wake kwenye daftari. Wakikufukuza kwa hilo, umefukuzwa vizuri, na shule za Sigalame na kwingine zinatafuta walimu. Lakini barua ya kuacha kazi ichane leo.

Na siku ile ya Ijumaa, kabla hujaondoka, mwombe mzee amwite Nanjala. Watoto hawazungushi maneno. Atakuuliza, "Mwalimu, mimi ni wa ngapi?" Usimwangalie baba yake, mwangalie yeye. Mwambie, "Wa arobaini na moja." Mwambie pia kwamba Jumatatu asubuhi unaita rejista na jina lake limo. Halafu usiondoke hapo mpaka akujibu kama atakuja.