Pale Mama Alipoimba

Leipzig, 9 Februari 2025

Dada Odeta,
Shikamoo. Baba anakula? Mimi mwili mzima, moyo ndio haupo. Kumzika mama kupitia simu si kuzika.

Ule wimbo wa mama akipepeta mchele, ulionirekodia Krismasi, nimeutia kwenye kazi yangu mpya. Ni dubstep, muziki wa kompyuta wa disko za huku, niliyoichanganya na tekno ya taratibu: besi inanguruma mpaka vioo vinatetemeka, halafu vyote vinanyamaza, mama anaimba. Inatoka Ijumaa. Nimeitengeneza huku nalia, dada. Mwambie baba.

Mdogo wako,
Nestory

Igoma, 24 Februari

Nesto,
Marahaba. Huku tupo, tunasukuma siku.

Una kichwa gani wewe? Matanga hatujaanua! Jumamosi vijana wa baa ya jirani wameufungulia wimbo wako kwenye spika. Baba alikuwa uani na uji wake. Kusikia sauti akaitika, "Naam, Mama Odeta," akatoka kumfuata. Kakuta watu wanaruka na chupa mikononi. Alirudi analia, jamani, sijawahi kumwona vile. Kasema mke wake si wa kuchezewa baa, uifute sauti hiyo kila mahali. Mdogo wangu, usibishane naye.

Dada yako,
Odeta

Leipzig, 26 Februari

Dada,
Shikamoo. Mpe baba pole, nimekosa.

Nimeuondoa mtandaoni. Wenye lebo, wanaouza nyimbo zangu, wamefoka, lakini nimewabana mpaka na wao wamefuta. Kwangu pia nimefuta, hata ile rekodi uliyonitumia, maana najijua, ningeirudisha. Wimbo umetoka upya bila mama. Nimebaki kama mtu aliyezika mara mbili. Wewe itunze ya kwako.

Mdogo wako,
Nestory

Igoma, 15 Juni

Nesto,
Marahaba. Hujambo huko ughaibuni? Usininunie kwa kimya changu. Simu yangu ilizama Kamanga mwezi wa nne, nikishuka kwenye kivuko na mizigo. Ndiyo kwanza nimepata nyingine.

Matanga tumeanua. Baba amekonda, haongei. Jana tu ndiyo kafungua mdomo: "Mwambie Nestory anitumie mama yenu nimsikie. Siku ile nilikuwa na hasira." Najua uliandika umefuta, ila nyie watu wa kompyuta hamkosi nakala. Nimeshamwahidi. Tuma upesi.

Dada yako,
Odeta

Leipzig, 16 Juni

Dada,
Shikamoo. Sina. Nimepekua kila kitu, wenye lebo nao hawana. Siku zote nilijipa moyo kwamba ipo kwako, kumbe imezama na simu. Waulize vijana wa baa, nakuomba.

Nakutumia wimbo uliobaki. Pale besi inaponyamaza pamebaki kimya, nilishindwa kupajaza. Ndipo alipokuwa anaimba. Sijui utamwambiaje baba.

Mdogo wako,
Nestory

Igoma, 22 Juni

Mdogo wangu Nestory,
Marahaba. Huku uzima upo.

Vijana wa baa hawana, walikuwa wanaupiga mtandaoni tu. Kumwambia baba nimeshindwa, Nesto. Nikampigia wimbo huo uliotuma.

Alivaa shati la kanisani. Akaivumilia besi yote, kofia mapajani. Kilipofika kile kimya akainamia simu, akafumba macho. Kikapita. Akasema, "Rudisha, Odeta, sijamsikia vizuri." Nikarudisha. Akasema ongeza sauti, nikaongeza mpaka mwisho. Sijui nimerudisha mara ngapi.

Anasema masikio yake yamezeeka. Kesho nampeleka hospitali akapimwe.

Dada yako,
Odeta