Damu Iliyogoma Kutembea

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimekamua. Ndoo ya maziwa iko mferejini ipoe, kama siku zote. Aika kanitoa damu tena, vichupa viwili, kaenda navyo maabara mjini kwa jaribio lake la chuo. Mwanangu, wa kwanza chuo kikuu ukoo mzima. Angeweza kuchukua damu ya yeyote. Kachagua yangu.

Jumanne, 7 Machi
Aika karudi kanuna. Chembe nyeupe za damu yangu hazitembei. Kumbe zinatakiwa kutambaa, ziwafuate vijidudu. Ndani zina nyuzi, kama fito za nyumba. Zinabomolewa nyuma, zinajengwa mbele, chembe inasogea. Anayeamuru ni kimeng'enya. Neno gumu, nimelishika. Aika ana dawa ya kukinyamazisha, aonyeshe chembe zinavyosimama. Sasa zimesimama hata bila dawa. Mwalimu wake wa chuo anakuja Ijumaa kutazama. Zisipotembea, Aika anarudia mwaka.
Nimeumia. Damu yangu mimi, igome?

Jumatano, 8 Machi
Jirani, Mama Elia, kanichokoza. "Labda chembe zimezeeka pamoja na mwenyewe." Nikamjibu zake zingetembea nyumba kwa nyumba kutafuta umbea. Tukacheka. Moyoni sikucheka.

Alhamisi, 9 Machi
Ni mimi.
Asubuhi Aika kashika vichupa, kashangaa mbona vya baridi. Kila siku akiviacha mezani akaoge, mimi navipeleka mferejini, kando ya ndoo ya maziwa, navirudisha kabla hajatoka. Nilidhani nasaidia, visiharibike. Na maji ya Mlima Meru yanauma meno kwa baridi. Kumbe baridi inavuruga zile nyuzi, na kimeng'enya kinazubaa. Hata ukizipasha baadaye hazirudi sawa.
Nimemwambia ukweli. Aibu. Kanitazama, kasema, "Mama, damu si maziwa." Hakunikaripia. Bora angenikaripia.

Ijumaa, 10 Machi
Kanitoa damu nyingine. Vichupa kavibeba kifuani, ndani ya sweta lake la mtumba. Sikugusa kitu. Mchana sikula.
Saa kumi karudi. Zimetembea! Za dawa zimesimama, zisizo na dawa zimetambaa, mwalimu kaona kwa macho yake. Harudii mwaka. Nimekaa chini palepale mlangoni.

Jumamosi, 11 Machi
Mvua. Aika kakamua, mimi nimelala mpaka saa mbili. Mama Elia nimemsimulia habari ya chembe mara mbili. Ya mferejini sikuigusa.
Mkono unauma kidogo pale pa sindano. Sitaki upone haraka.