Alinipita Juu Akaenda Kuchukua Kombe

Mpendwa Shangazi Doreen, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana tangu Jumamosi niko hospitalini, mguu umelazwa juu ya mito, na sijui kinachoniuma zaidi ni mguu au ni niliyoyaona. Mimi na mchumba wangu Jandré tunaruka angani bila injini kwenye klabu yetu hapa Swartland, sisi vijana na mabawa ya kitambaa, wazee na yale yao yenye fremu ya mabomba, na Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya masafa, kutoka mlimani hadi kwenye maghala ya ngano, na Jandré, ambaye amekuwa wa pili miaka yote tangu nimjue, safari hii alikuwa anaongoza.

Tulikuwa tunapanda pamoja kwenye hewa moto inayoinua mabawa, yeye juu yangu kidogo, mara bawa langu likakunjika upande mmoja, likanizungusha, nikashindwa kulirudisha, nikarusha mwavuli wa akiba, nao ukanibwaga kwenye mabua ya ngano kwa kishindo, mguu ukavunjika. Sasa, Shangazi, kwetu hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua hili: ukitua salama unakusanya bawa lako papo hapo liwe furushi, ili walio juu wajue u mzima waendelee na safari, na bawa likiachwa limetandaa maana yake ni njooni. Langu lilikuwa limetandaa lote, la rangi ya machungwa, na mimi siwezi hata kugeuka. Nikamwona Jandré anazunguka juu yangu, chini kabisa, hadi naona soli za viatu vyake, nikampungia mkono huku nalia, akazunguka tena, akapata hewa ya kupanda, akapanda nayo, akaenda. Shangazi, alikwenda! Nilibaki nimeachama nikimtazama hadi akapotea upande wa maghala.

Aliyeshuka ni Mjomba Fanus, mzee wa mabawa ya mabomba, yule yule ambaye asubuhi Jandré alimtania mbele ya watu wakacheka, "Mjomba, leo unatua wapi, jikoni kwako?" naye akamjibu, "Ndiyo, na supu nitaikuta bado ya moto." Alitua vibaya, bomba moja likavunjika, na mashindano yake yakaishia hapo. Alinijia akichechemea, akasema, "Tulia binti, usijitikise," akaita kwa redio, akasimama akinikinga jua mpaka pikapu ya klabu ilipofika.

Jandré alikuja Jumapili, na kombe mkononi.

"Mpenzi, tumeshinda!"

"Ulinipita," nikamwambia.

"Si ulikuwa umekunja bawa?"

"Sikukunja."

"Ulikunja, umesahau tu kwa mshtuko. Upepo ndio ulilitandaza baadaye, kabla Fanus hajafika."

"Jandré, nilikupungia mkono!"

"Ndiyo, nilikuona! Nikajua uko hai. Mtu anayepunga mkono ni mzima."

Kamati ya klabu inakaa Alhamisi. Kifaa chake cha kurekodi safari kinaonyesha kwamba alizunguka pale, lakini hakionyeshi bawa langu lilikuwaje, kwa hiyo kila kitu kimebaki mdomoni mwangu: nikisema nilikunja, kombe ni lake, nikisema lilitandaa, wanamnyang'anya na kumsimamisha mwaka mzima, maana hiyo ndiyo sheria kwa anayempita mwenzake aliyeanguka. "Kama unanipenda utasema ulikunja," ndivyo alivyoniambia, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na kombe lake. Mama yake naye kapiga simu: "Mwanangu, wanaume wakiwa angani akili inabaki chini. Ukumbi wa harusi umeshalipiwa, kweli utamwaibisha kwa ajili ya kitambaa?" Na kwa jinsi ninavyoambiwa kila siku kwamba nimesahau, nimeanza kujiuliza, au kweli nilikunja? Bado nampenda, Shangazi. Niseme nini Alhamisi?

Mguu Juu, Swartland

*

Mguu Juu,

Pole sana, mwanangu. Nimesoma barua yako jikoni hadi vitunguu vikaungua. Mimi siruki, naogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu, lakini marehemu mume wangu aliendesha pikapu ya kuwafuata warukaji miaka mingi. Alikuwa anasimama kando ya barabara na darubini. Akiona furushi anasema, "Kakusanya, twende." Akiona bawa limetandaa hasemi kitu, anakanyaga mafuta tu. Sikumsikia hata siku moja akiuliza kama aliyelala pale ni wa kwanza au wa mwisho.

Sasa jifute machozi nikugombeze. Eti kweli ulikunja? Mguu umevunjika, kugeuka huwezi, ungekusanyaje kitambaa kikubwa kama sebule na kamba zake zote? Usimruhusu tena mtu akuambie mikono yako ilifanya nini. Na huyo bwana aliuona mkono wako mmoja, akashindwa kuona bawa zima la rangi ya machungwa? Aliliona. Angeamini kwamba ulilikunja, asingekuja kukubembeleza useme.

Hapo ndipo niliposhtuka mimi. Kuchanganyikiwa hewani naweza kumsamehe mtu, hata tamaa ya kombe naielewa. Lakini huyu alitua, akalala, akaamka, akapata muda wa kutosha wa kufikiri, na alichokuletea hospitalini ni uongo ukamsemee.

Alhamisi nenda. Mwombe Mjomba Fanus akusukume kwenye kiti cha magurudumu, najua hatakataa. Waambie: bawa lilitandaa, nilipunga mkono, alizunguka, akaondoka. Usimtukane na usiongeze chumvi, ilivyo inatosha. Mpaka siku hiyo zima simu. Mama mkwe akikufikia kwa njia nyingine, mwambie kitambaa hicho ndicho kinachowaita watu washuke. Ukidanganya wewe, kesho mwingine atalala kwenye mabua bawa limetandaa, na walio juu watasema labda ni upepo tu, wataendelea na safari. Huyo anaweza asiwe na bahati ya kuvunjika mguu tu.

Harusi isimame. Sijasema ivunjike, nimesema isimame, na pete ikae kwenye droo mpaka utembee bila magongo. Mapenzi hayazimwi kama redio, najua, ndiyo maana nakupa muda. Ukumbi umeshalipiwa? Vizuri, wanaklabu wakachome nyama humo, Mjomba Fanus akae meza ya mbele, na wote waliomcheka asubuhi ile wachange bomba jipya.

Kuna jambo moja la mwisho. Barua yako ni ndefu, na nimeirudia yote nikitafuta mahali ambapo Jandré aliuliza mguu unakuumaje. Sikupaona. Hata kwa mama yake sikupaona.

Basi acha niulize mimi: mguu unaendeleaje, mwanangu?

Shangazi Doreen